Nguo Zinakauka kwa Nusu Saa

Mnaniuliza Hispania ikoje.
Leo siku ya tisa mvua haijashusha pumzi hapa Tukuyu,
sare za Lusajo zinakaukia juu ya mafiga,
kesho ataketi darasani akinuka moshi kama samaki wa kubanika,
nami nianzie wapi kama si kwenye kamba ya nguo?

Huko nilifua asubuhi. Kabla sijamaliza kukamua kitenge cha pili
cha kwanza kilishakauka, kimekakamaa kama bango.
Nilicheka peke yangu kwenye kibaraza cha watu.

Chama kilitupeleka watu wanne, siku kumi na moja,
tukaone wenzetu wanavyolima parachichi Andalusia, kusini kwao,
milima inashuka mpaka baharini bila kuvaa kitu,
na nyumba nyeupe, weupe wa kuumiza macho,
zimebanana kilimani kama mbuzi waliosikia fisi.

Mchana wa kwanza, saa nane na nusu, mtaa mzima ulifungwa.
Madirisha, milango, duka la mkate. Hata mbwa hakuonekana.
Nikamwuliza Anyosisye kwa sauti ya chini: nani amefariki?
Kwetu anayelala mchana ni mgonjwa au mfiwa.
Kumbe wanalikimbia jua.
Sisi tunaolivizia,
tukitoa mikeka ya maharage mbio mbio,
tukiirudisha mbio mbio,
wao wanalifungia mlango kama mdai.

Na halitaki kuondoka!
Saa tatu usiku bado liko ukutani.
Nilisali sala ya kulala kukiwa kweupe,
nikahisi kama nimemdanganya Mungu.

Lugha yao sikuijua. Lakini mezani,
na meza yenyewe wanaiita mesa,
maneno yalianza kunikonyeza:
limon, asukar,
bandera ikipepea juu ya posta,
na aseituna, kale kachungu kenye mafuta: zaituni.
Ni kama kwenda harusini ugenini
ukakuta wajomba ambao mama hakuwahi kukutajia.
(Nilileta kopo moja. Mama Subilaga alitafuna, akatemea kiganjani,
akauliza kama ni ya kumeza au ya kupaka.)

Sasa Eusebio.
Mwenye shamba, mfupi, mikono imepasuka kama yetu.
Alituonyesha mipira ya maji, myembamba kama ya dripu hospitalini,
inadondosha kwa kuhesabu, mti kwa mti.
Kisha akatuvusha ng'ambo ya kilima, hakusema kitu.
Miparachichi mia tatu imekatwa kiunoni,
visiki vimepakwa chokaa jua lisivichome.
Kisima kilikauka mwaka juzi.
Ilimbidi achague ipi inywe.

Mkalimani akatuletea swali lake:
kwenu mvua inanyesha siku ngapi kwa mwaka?
Nilitazama viatu vyangu.
Ni kama mwenye njaa akikuuliza jana usiku ulikula nini.
Anyosisye akajibu, "Nyingi,"
akanyamaza.
Hatukumwambia kwamba huwa tunailaani.

Mlitaka niwasimulie majumba ya wafalme.
Niliyaona, ndiyo, kwa siku moja, miguu ikiniuma.
Ninachokumbuka ni mfereji mwembamba uani, upana wa kiganja,
maji yakipita polepole, yakilindwa kama mwali,
na watalii wamenyamaza kuyasikiliza.
Mimi nimezaliwa hatua sabini kutoka Mto Kiwira.
Sijawahi kuusikiliza.

Jana usiku, bati likipigwa kama ngoma isiyo na mpigaji mmoja,
nilitoa simu dirishani, nikarekodi nusu dakika,
nikamtumia Eusebio. Sikuandika neno.
Asubuhi nikakuta picha: kamba, shati moja,
na anga isiyo na kitu chochote.

Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Lusajo, geuza hiyo sare.
Upande wa mfukoni bado mbichi.